Mikono Iliyojenga Piramidi, na Elimu Zilizoitafuta



Katika mazungumzo ya vikundi vyetu swali la piramidi za Misri hurudi mara kwa mara, na kila linaporudi huja na majibu matatu. Wa kwanza husema zilijengwa na wana wa Israeli walipokuwa utumwani chini ya Farao. Wa pili husema zilijengwa na umati wa watumwa waliopigwa mijeledi, kama sinema zinavyoonyesha. Wa tatu, ambao wamezidi kuongezeka tangu simu zetu zijae video za kila namna, husema kwamba binadamu wa zamani zile hakuiweza kazi hiyo, kwa hiyo lazima walishuka viumbe kutoka nyota nyingine. Majibu haya yanapingana, lakini yanafanana kwa jambo moja: yote yanamnyima mkulima na fundi wa Misri sifa ya kazi ya mikono yake. Tumeona vema kueleza jinsi wataalamu wa elimu mbalimbali, kila mmoja na chombo chake, walivyomtafuta mtu huyo mpaka wakamwona.

Tuanze na jibu linalotugusa zaidi, kwa kuwa linadai kutoka katika Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Kutoka, katika sura yake ya kwanza, kinataja kazi ngumu waliyotwishwa Waisraeli: kujenga miji ya akiba, Pitomu na Ramsesi, na kufyatua matofali ya udongo. Piramidi hazitajwi hapo, wala popote pengine katika kitabu hicho. Hesabu ya miaka nayo inakataa. Piramidi Kuu ya Giza, kaburi la Farao Khufu, ilijengwa katika karne ya 26 kabla ya Kristo. Ramsesi wa Pili, ambaye wataalamu wengi humhusisha na habari za Kutoka, alitawala katika karne ya 13. Musa, ikiwa aliwahi kupita Giza na kuinua macho, aliona majengo yaliyokuwa yamekwisha kusimama pale kwa zaidi ya miaka 1200.

Wakristo wa Ulaya ya zamani walikuwa na dhana yao nyingine. Gregori, askofu wa Tours katika karne ya 6, aliandika kwamba yale majengo yenye upana chini na wembamba juu yalikuwa ghala za Yosefu, alimoweka nafaka kwa ajili ya miaka ya njaa. Mpaka leo, katika Basilika la Mtakatifu Marko huko Venezia, kuna picha ya vijiwe vya rangi ya karne ya 13 inayoonyesha piramidi kuwa ghala hizo. Ni dhana ya watu wanyofu waliosikia kwa mbali. Aliyeingia ndani angeona mara moja kwamba karibu jengo zima ni mawe matupu, na kwamba vyumba vyake vichache visingetosha mavuno ya kijiji kimoja.

Jibu la watumwa lina mzizi wake kwa Herodotus, Mgiriki aliyeitembelea Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Yeye aliandika kwamba watu 100,000 walifanya kazi kwa zamu za miezi mitatu mitatu, na kwamba Piramidi Kuu ilichukua miaka 20. Wengi humnukuu kana kwamba aliyaona hayo kwa macho yake. Wanasahau kwamba kati yake na Khufu ilikuwa imepita miaka kama 2000, karibu sawa na ile iliyo kati yetu na Mitume. Aliandika aliyosimuliwa, na waliomsimulia nao walikuwa wamesimuliwa.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na elimu ya vipimo, na ulifunguliwa kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwaka wa 1865 mtaalamu wa nyota wa Uskoti, Charles Piazzi Smyth, alikwenda Giza akiamini kwamba Mungu mwenyewe aliwaongoza wajenzi wa Piramidi Kuu, na kwamba urefu wa kila ukuta na kila njia ya ndani umeficha kalenda na unabii. Mawazo hayo yalipata wafuasi wengi. Miongoni mwao alikuwa kijana Mwingereza, Flinders Petrie, ambaye mwaka wa 1880, akiwa na umri wa miaka 27, alifunga safari ili apime upya kwa usahihi zaidi. Alikaa katika kaburi tupu lililochongwa mwambani, akapima kwa minyororo na vyombo vya kupimia pembe, siku baada ya siku. Aliona kwamba kila upande wa chini una urefu wa mita 230 hivi, na kwamba pande nne zinatofautiana kwa sentimita chache tu. Aliona pia kwamba vipimo hivyo havikubaliani na unabii wa Piazzi Smyth. Mwaka wa 1883 akatoa kitabu akisema hivyo waziwazi, ingawa nyumbani kwao baba yake alikuwa miongoni mwa walioyapenda mawazo yale. Tunamheshimu kwa hilo. Si rahisi kumwambia baba kwamba namba zimekataa.

Baada ya wapimaji waje wahandisi. Wao hawaitazami piramidi moja peke yake, bali huzipanga zote kwa kufuata umri wake, na hapo huona kitu kinachofanana na daftari la mwanafunzi. Ya kwanza kabisa ni ile ya Farao Djoser huko Saqqara, ambayo mapokeo humtaja Imhotep kuwa msanifu wake: ngazi sita zilizopandishwa moja juu ya nyingine hadi mita kama 60. Kisha akaja Sneferu, baba yake Khufu. Kwake yeye ilianzishwa piramidi iliyopinda huko Dahshur, nayo ndiyo tunayowaomba muitazame vizuri mkipata picha yake. Kuta zake zinapanda kwa mwinamo mkali wa nyuzi kama 54, halafu, zilipofika katikati, zinapinda ghafla na kulegea hadi nyuzi kama 43. Ndani yake vyumba vilipata nyufa, na magogo ya mierezi yaliyowekwa kushikilia kuta yameonekana humo hadi nyakati zetu. Piramidi iliyofuata, ile Nyekundu, ilijengwa kwa mwinamo mpole tangu chini hadi juu. Ndipo mwanawe Khufu akapandisha yake hadi mita kama 146, kwa mawe yanayokadiriwa kuwa milioni 2.3. Kutoka Djoser hadi Khufu ni kama karne moja tu. Waliokosea ni watu, waliorekebisha ni watu. Viumbe walioweza kuvuka anga kati ya nyota wangekuwa wa ajabu kweli kama wangeshindwa na mwinamo wa ukuta.

Wanafizikia na wanakemia waliulizwa swali la umri. Katika udongo wa jasi uliowekwa kati ya mawe mlibaki vipande vya makaa kutoka katika mioto iliyoupika udongo huo, na makaa hupimika kwa njia ya kaboni 14. Mwaka wa 1984 vipimo vilitoa jibu la kushtua: kwa wastani piramidi zilionekana kuwa na umri uliozidi ule wa wanahistoria kwa zaidi ya miaka 300. Vipimo vya mwaka wa 1995 vilipunguza tofauti hiyo hadi kati ya miaka 100 na 200. Wapo walioshangilia, wakidhani historia yote imeanguka. Maelezo yaliyoonekana kuwa na nguvu zaidi ni ya nyumbani kabisa: katika nchi isiyo na misitu watu huchoma kuni zozote wazipatazo, hata mbao za nyumba za babu zao, na kaboni huhesabu umri wa mti, si siku ya moto. Mwaka wa 2010 watafiti wakiongozwa na Christopher Bronk Ramsey wa Oxford walichukua njia nyingine. Waliacha makaa, wakapima mimea ya msimu mmoja iliyohifadhiwa katika makumbusho: mbegu, matunda, majani ya vikapu. Majibu yalikubaliana kwa jumla na orodha za wafalme ambazo wanahistoria walikuwa wamezipanga kwa subira, na mwanzo wa utawala wa Djoser ukawekwa kati ya 2691 na 2625 kabla ya Kristo.

Lakini umri na vipimo havikutuonyesha bado uso wa mtu. Kwa muda mrefu wachimbaji walikimbilia makaburi ya wafalme, maana huko ndiko kulikotarajiwa dhahabu. Ni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ambapo Mmarekani Mark Lehner na wenzake walianza kuchimba kwa utaratibu upande wa kusini wa Giza, ng'ambo ya ukuta mkubwa wa mawe unaoitwa Ukuta wa Kunguru, wakitafuta swali dogo kuliko yote: watu wale walilala wapi, na walikula nini? Walikuta mji. Kulikuwa na njia, na majengo marefu yanayofanana na mabweni, na maghala, na mahali pa kuoka mikate penye vyungu vizito vya udongo na majivu tele. Mtaalamu wa mifupa ya wanyama, Richard Redding, alihesabu na kupanga mabaki ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Ng'ombe wengi walikuwa madume wachanga, wa umri wa chini ya miaka miwili. Anayefuga anaelewa maana yake: hawa hawakuwa ng'ombe wazee waliochinjwa kwa sababu wamechoka, ni nyama iliyochaguliwa na kuletwa makusudi kutoka mashambani. Watu wa pale walilishwa vizuri.

Mwaka wa 1990, si mbali na mji huo, farasi aliyekuwa akipita na mpandaji wake alijikwaa katika ukuta wa matofali uliofukiwa na mchanga. Ukuta ule ulikuwa wa kaburi, na chini ya usimamizi wa Zahi Hawass, Mmisri, kilima chote kilifunuliwa kuwa makaburi ya wasimamizi, mafundi na wafanyakazi wa piramidi. Walizikwa karibu na mfalme wao, wakiwekewa vyungu vya mikate na pombe kwa ajili ya maisha ya baadaye. Baadhi walijengewa juu ya kaburi kipiramidi kidogo cha udongo. Mfalme asingempa mtumwa wake heshima hiyo mlangoni pake. Waganga walipoisoma mifupa yao waliona migongo na magoti yaliyochakaa kwa kubeba mizigo, kwa wanaume na kwa wanawake. Waliona pia mikono na miguu iliyovunjika, kisha ikaungwa ikapona ikiwa imenyooka. Kulikuwa na mtu wa kuwatibu, na aliyeumia alipewa muda wa kupona.

Tunakuja sasa kwenye ugunduzi ambao sisi binafsi tunauona kuwa mzuri kupita yote, na haukufanyika Giza. Mwaka wa 2013, mahali paitwapo Wadi al-Jarf, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, kikundi cha Mfaransa Pierre Tallet kilipata vipande vya mafunjo, ndiyo maandishi ya zamani zaidi juu ya mafunjo yaliyowahi kupatikana popote. Humo mlikuwa daftari la kazi la mtu aitwaye Merer. Hakuwa mkuu wa nchi. Alikuwa msimamizi wa watu wapatao 40, yaani kapita, kama wazee wetu walivyozoea kusema. Kazi yake ilikuwa kusafirisha kwa mashua mawe meupe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura, upande wa mashariki wa Nile, hadi Giza upande wa pili, kwa ajili ya kuifunika Piramidi Kuu. Siku kwa siku anaandika: leo tumepakia mawe Tura, leo tumeng'oa, leo tumelala njiani, leo tumefika. Safari za kwenda na kurudi zilikuwa mbili au tatu katika kila siku kumi. Anamtaja pia aliyekuwa mkubwa wa kazi mahali fulani njiani, Ankhhaf, ndugu wa Khufu kwa baba. Katika maandishi mengine yaliyopatikana pamoja na hayo kuna hesabu za chakula kilichopelekwa kwa kikundi.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Kwa karne nyingi watu wametafuta siri ya piramidi katika nyota na katika namba za ajabu, na siri yenyewe ilikuwa imelala mahali pakavu kando ya bahari, katika umbo la ripoti ya kazi ambayo karani yeyote wa kampuni ya usafirishaji angeitambua mara moja. Na vikundi vya wafanyakazi vilikuwa na majina. Katika nafasi zilizojengwa juu ya chumba cha mfalme, ambazo Mwingereza Howard Vyse alizifikia mwaka wa 1837 kwa kulipua baruti (njia ambayo leo ingempeleka gerezani), mna alama za rangi nyekundu zilizoachwa na vikundi hivyo: kimoja kilijiita marafiki wa Khufu. Kwenye piramidi ya Menkaure kikundi kingine kilijiita walevi wa Menkaure. Ni watu waliokuwa wakitaniana na kushindana, kama timu za vijana wa mitaa miwili.

Daftari la Merer likaleta swali jipya, kwa sababu leo Nile inapita mbali na Giza, kilomita kadhaa upande wa mashariki. Mashua zake zilifikaje? Jibu limetolewa na watu ambao hawakuwahi kushika jembe la mchimba-kale. Mwaka wa 2022 Hader Sheisha na wenzake walitoa matokeo ya kuchimba mashimo membamba katika ardhi ya bonde la Giza na kuchunguza chavua ya mimea iliyohifadhiwa katika matabaka ya udongo. Chavua ya mimea ya majimaji ilionyesha kwamba wakati wa Khufu palikuwa na mkono wa mto wenye maji ya kutosha karibu na uwanja wa kazi, nao ukakauka polepole katika karne zilizofuata. Mwaka wa 2024 Eman Ghoneim, mwanajiolojia mzaliwa wa Misri, alitumia picha za rada za setelaiti pamoja na sampuli za udongo kuonyesha njia ya mkono wa zamani wa Nile wenye urefu wa kilomita 64, ambao sasa umefukiwa chini ya mashamba na jangwa. Kando yake zimepangwa piramidi 31, kutoka Lisht hadi Giza. Lililoonekana kama mstari wa makaburi jangwani lilikuwa zamani mstari wa bandari.

Kuhusu kuyaburuta mawe hayo nchi kavu tutasema machache. Katika kaburi la Djehutihotep, mkubwa mmoja aliyeishi karne nyingi baada ya Khufu, kuna mchoro wa watu 172 wanaovuta sanamu kubwa iliyowekwa juu ya mbao za kuteleza, na mbele ya mbao hizo amesimama mtu anayemwaga maji mchangani. Wengi walidhani ni ibada. Mwaka wa 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walijaribu katika maabara, wakaona kwamba mchanga uliolowanishwa kwa kiasi kinachofaa hupunguza nguvu ya kuvuta kwa karibu nusu. Na mwaka wa 2018, katika machimbo ya Hatnub, ilipatikana njia ya kupandishia mawe ya tangu siku za Khufu: mteremko mkali wenye ngazi pande zote mbili na matundu ya nguzo za kuzungushia kamba. Namna kamili ya kuyafikisha mawe juu kabisa ya Piramidi Kuu bado inabishaniwa, na mabishano hayo ni halali.

Hata angani umetafutwa msaada, lakini si ule wa video. Mionzi kutoka anga za mbali huigonga hewa yetu na kuzaa chembechembe ziitwazo muoni, ambazo hupenya mawe, na hupungua kadiri mawe yanavyozidi unene. Luis Alvarez, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka wa 1968, ndiye aliyeanza kuzitumia, kuichunguza piramidi ya Khafre kama mganga anavyoupiga picha mwili. Hakukuta chumba kilichofichika katika sehemu aliyoichunguza, akasema hivyo bila aibu. Mwaka wa 2017 kikundi cha Wamisri, Wafaransa na Wajapani kilitangaza kwamba ndani ya piramidi ya Khufu kuna uwazi wenye urefu wa mita 30 au zaidi, na mwaka wa 2023 kikathibitisha ujia mdogo wa mita 9 nyuma ya ukuta wa kaskazini, kikaingiza kamera nyembamba na kuuona. Ulikuwa mtupu.

Je, wajenzi wale walikuwa huru, basi? Tusikimbilie kusema ndiyo. Kuna hatari ya kuliondoa neno mtumwa na mahali pake kupachika picha ya furaha tupu. Katika Misri ya Khufu raia alidaiwa kazi na mfalme: karani alikuja kijijini, akaandika majina, na walioandikwa walikwenda kwa muda, wakalishwa, kisha wakarudi kwao. Wazee wetu wanaokumbuka salongo, na waliowatangulia waliosimulia kazi za lazima za wakati wa ukoloni, wanajua kwamba kati ya mtumwa na mtu huru pana nafasi pana, na kwamba ndani ya nafasi hiyo mtu anaweza kuona fahari ya kazi na uchovu wake kwa wakati mmoja. Wataalamu wengi leo hukadiria kwamba wafanyakazi walikuwa kati ya 10,000 na 30,000 kwa wakati mmoja. Maandiko yaliyotufikia ni ya makarani na wasimamizi. Andiko la mbeba mawe akieleza moyo wake halijapatikana. Magoti yake tu ndiyo yamesema.

Mpaka hapa tumesema habari za Misri. Lakini anayepanda Nile kuelekea kusini, akiingia Sudani, atakutana na piramidi zaidi ya 200, nyingi kuliko zote za Misri: el-Kurru, Nuri, Jebel Barkal, Meroe. Ni ndogo zaidi na zimesimama wima zaidi. Ni makaburi ya wafalme na malkia wa Kushi, watu weusi waliotawala tangu karne ya 8 kabla ya Kristo hadi karne ya 4 baada yake, na ambao kwa kipindi fulani waliitawala Misri yenyewe. Mmoja wao mnamjua bila kujua kwamba mnamjua: Tirhaka, mfalme wa Kushi anayetajwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 19, na katika Isaya, sura ya 37, ndiye Taharka, ambaye piramidi yake iko Nuri. Waliokuwa wakitafuta piramidi katika Biblia walizitafuta katika Kutoka, kumbe mwenye piramidi amesimama katika Wafalme.

Elimu iliwatendea watu wa Kushi vibaya kuliko ilivyowatendea Wamisri. Mwaka wa 1834 daktari Mwitaliano, Giuseppe Ferlini, alibomoa piramidi za Meroe akitafuta hazina, akapata vito vya dhahabu vya malkia Amanishakheto. Alipovipeleka Ulaya, wengi hawakuamini kwamba kazi nzuri namna ile ilitoka Afrika ya watu weusi. Leo vimo katika makumbusho ya München na Berlin. Kisha akaja George Reisner wa Chuo Kikuu cha Harvard, mchimbaji hodari aliyeandika na kupiga picha kila kitu kwa uangalifu mkubwa. Kati ya 1916 na 1918 alichimba Nuri, na katika kaburi la Taharka alikuta sanamu ndogo za mawe zaidi ya 1000. Hata hivyo, ushahidi ukiwa mkononi mwake, alifundisha kwamba wafalme wale lazima walikuwa na asili ya Libya, wenye rangi nyeupe zaidi, kwa kuwa alisadiki kwamba mtu mweusi hangeweza kuanzisha dola kama ile. Daftari zake bado zinatumiwa na wachimbaji. Maelezo yake yametupwa. Tunaona ni vema kijana anayesoma sayansi ayajue yote mawili, kwamba mtu anaweza kupima bila kosa na kuhukumu vibaya katika ukurasa uleule.

Kutoka Afrika wenyewe walisimama watu kujibu. Cheikh Anta Diop wa Senegali alisoma historia na fizikia pamoja, akaanzisha huko Dakar maabara ya kupima umri wa vitu kwa kaboni 14. Mwaka wa 1974, katika mkutano ulioitishwa na UNESCO mjini Cairo, yeye na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville walikaa mbele ya wataalamu wa Misri, Ulaya na Amerika, wakatetea kwamba Misri ya kale ni tawi la Afrika katika watu wake na katika lugha yake. Si kila hoja yao ilikubaliwa, na baadhi bado zinabishaniwa. Lakini walifika wakiwa wamejitayarisha, kwa lugha, kwa kemia na kwa maandiko ya kale, hivi kwamba ilibidi wajibiwe kwa hoja. Tangu hapo imekuwa vigumu zaidi kuandika juu ya Bonde la Nile kana kwamba bara lililobaki halipo.

Kazi ya Sudani ni changa bado. Mwaka wa 2019 Pearce Paul Creasman na wenzake walishuka katika kaburi la mfalme Nastasen huko Nuri, aliyekufa karibu na mwisho wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Chini ya piramidi hiyo ngazi iliyochongwa mwambani inashuka hadi kwenye vyumba vitatu, na maji ya chini ya ardhi yamepanda na kuvijaza. Ilibidi wachimbaji wajifunze kazi ya wapiga-mbizi: waliingia gizani wakivuta hewa kwa mpira kutoka juu, wakipapasa kwa mikono. Walipata vipande vyembamba vya karatasi ya dhahabu vilivyoelea kutoka katika sanamu zilizooza, na katika chumba cha tatu waliona kinachoonekana kuwa jeneza la mawe la mfalme. Walikusudia kurudi na vyombo bora zaidi. Mwezi wa Aprili 2023 vita vikaanza Khartoum na kuenea nchini, vikundi vya kigeni vikaondoka, na wataalamu wengi wa Sudani wakawa wakimbizi pamoja na watu wao. Jeneza lile limebaki chini ya maji.